Wakuu, kibao cha kusimamishia karata: mfuo uwe na upana gani?

Mwana wa Kati
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, ingawa huenda mtaliona dogo. Kwetu kila wiki tuna usiku wa karata, wakubwa kwa watoto, na baba ndiye mgawaji. Tangu tukiwa wadogo hajamwachia mtu mwingine kazi hiyo, na hata sasa hakubali. Nataka kutengeneza kibao cha mbao chenye mfuo, mtu achomeke karata zake zisimame mbele yake bila kuzishika. Nina kipande cha msonobari, urefu sentimita 50, upana 6, unene 4. Zana ni msumeno wa mkono, randa, patasi na msasa. Mfuo uwe na upana gani, na kina gani? Kipande ni hicho kimoja tu na usiku wa karata umekaribia. Naombeni msaada.

Randa Kali
Karata ya kawaida ina unene wa milimita 0.3 hivi. Ukizipanga kwa kupishana, sehemu yoyote ya mfuo itabeba karata tatu au nne tu. Upana wa milimita 3 unatosha kabisa, kina milimita 12. Ila mfuo usiwe wima. Uulaze nyuma digrii 10 hadi 15, la sivyo karata zitakuangukia usoni kila mtu akigonga meza.

Mpiga Turufu
Kibao kitaua mchezo! Raha ya karata ni kuzikumbatia kifuani, jirani anyooshe shingo hadi imuume. Mjomba wangu alikuwa akikaa dirishani makusudi ili kioo kimwonyeshe za wenzake. Tulikuja kugundua baada ya miaka mingi ya kufungwa.

Bibi Kopa
Wajukuu zangu nao zinawadondoka, vidole vidogo. Mmoja analia kabisa zikionekana. Mimi nawageuzia boksi la viatu, mfuniko unakaa chini ya boksi lenyewe, karata zinasimama kwenye ule mwanya. Ni kwa ajili ya watoto, mwanangu?

Mwana wa Kati
Shikamoo bibi. Atatumia yeyote tu. Naomba tubaki kwenye mfuo.

Fundi Mstaafu
Kijana, "yeyote tu" si kipimo. Kibao cha mtoto huwa kifupi na chepesi. Cha mtu mzima anayepewa karata 13 kinataka urefu: ukiacha milimita 20 za kila karata zionekane, 12 mara 20 ni 240, ongeza upana wa karata ya mwisho, 63, unapata kama sentimita 30. Wewe una 50. Za nini zote hizo? Nani anakaa mbele ya hicho kibao?

Mwana wa Kati
Sawa mzee. Ni cha baba. Alipata kiharusi, mkono wa kushoto haushiki kitu. Anaziweka karata kifudifudi mezani, anafunua moja moja kuzitazama, na watoto wanazichungulia. Siku hizi anasema amechoka kabla mchezo haujakolea. Kibao hajui kama nakitengeneza. Nataka nikitoe mbele ya wote usiku huo, afurahi.

Na mfuo nimeshaukata. Milimita 3, kina 12, urefu wote wa ubao. Upo wima.

Mpiga Turufu
Umeshakata! Sasa ulikuwa unatuuliza nini mkuu? 😂

Mwana wa Kati
Nilitaka kujua kama nimepatia. Upana na kina nimepatia, Randa Kali amesema mwenyewe. Wima nimeichagua kwa sababu msumeno wa mkono kuulaza sawasawa kwenye sentimita 50 ni kazi ya fundi, mimi si fundi. Na urefu nimeuacha ili asibanane.

Randa Kali
Huna haja ya kukata upya. Geuza ubao, piga randa upande wa chini: ukingo wa mbele usiuguse, wa nyuma uushushe milimita 10. Kwa upana wa sentimita 6 hiyo ni karibu digrii 10, kibao chote kitalala nyuma na mfuo wako nao. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili kwanza na usiuvuke. Ndani ya mfuo, kunja msasa namba 120 kwenye rula nyembamba upitishe, kisha 180, kisha 240. Karata huchanika kwenye vibanzi usivyoviona.

Neno la Haki
Mbao mtazimaliza. Mimi nauliza heshima. Mzee aliyegawa karata maisha yake yote, unamwekea kifaa mbele ya watoto na wakwe bila kumuuliza? Kuna watu wanaficha unyonge wao hadi kaburini. Mshirikishe kwanza, mkiwa wawili.

Mwana wa Kati
Nikimuuliza atasema hataki. Namjua. Kila msaada anaukataa kwanza, halafu anautumia. Akikikuta mezani atakitumia.

Bibi Kopa
Basi tengeneza vingi, kila mtu awe na chake. Marehemu mume wangu alipoanza kutosikia tulikubaliana sote kuzungumza kwa sauti, hata aliyekaa ubavuni mwa mwenzake. Hakuwahi kujua kama ni kwa ajili yake, au alijua akanyamaza. Tuliishi hivyo kwa amani.

Tiba na Viungo
Nafanya kazi na watu waliopata kiharusi. Mkono wa kushoto ukilegea, aghalabu ubongo uliojeruhiwa ni wa kulia, na baadhi yao hupoteza pia umakini wa upande wa kushoto. Macho ni mazima, lakini vitu vya kushoto ni kama havipo. Anakula nusu ya sahani. Anagonga bega la kushoto mlangoni. Namba na alama ya karata vipo kona ya juu kushoto, na safu ya sentimita 50 inaanzia mbali kushoto. Je, baba yako anaacha vitu upande huo?

Mwana wa Kati
Anaacha. Juzi alikaa na shupaza mkononi mchezo mzima tukadhani anatutega, kumbe ilikuwa ya mwisho kushoto. Lakini ubao ndio huo, sina mwingine.

Kisa Gani
Ngojeni kidogo wakuu. Hii ni chai. Uzi unafunguliwa, baba ndiye mgawaji na hadi leo hakubali mwingine agawe. Sasa mkono mmoja haufanyi kazi. Mkono mmoja unachanganyaje karata 52 na kuzigawa? Na hiyo shupaza "mkononi" ilikuwa mkono upi, wakati tumeambiwa anazilaza mezani? Anayeuliza upana wa mfuo alioukwisha kuukata anatunga kadiri anavyoulizwa.

Mpiga Turufu
Duh. Hapo kwenye kugawa hata mimi nilijikwaa.

Neno la Haki
Kama ni uongo, kumzulia mzazi kiharusi ni laana. Futa uzi.

Mwana wa Kati
Sifuti. "Mkononi" ni lugha ya karata, kila mchezaji anaisema hata karata zikiwa sakafuni. Na kugawa anagawa. Sikueleza anavyofanya kwa sababu sikuulizwa.

Mkono Mmoja
Nimesoma kimya tangu mwanzo, naomba niseme. Mimi sina mkono wa kulia na ninagawa karata. Unazimwaga mezani kifudifudi, unazikoroga kwa kiganja kama unafuta meza, halafu unazikusanya. Kuchanganya hakuna shida. Kazi ipo kwenye kukusanya, maana zinakukimbia mpaka upate kitu kisichosogea cha kuzisukumia. Kisha fungu linakaa mezani, kidole gumba kinasukuma ya juu, unaitelezesha kwa mwenyewe. Kisa Gani, jaribu leo, funga mkono mmoja nyuma.

Mwana wa Kati
Hivyohivyo! Baba anazisukumia kwenye mgongo wa kitabu kinene, na kitabu nacho kinateleza, mama anakizuia kwa kiwiko bila kusema neno.

Mkono Mmoja
Basi kifaa cha kwanza anachohitaji baba yako ni hicho, kibao cha kusimamishia kifuate. Chukua kipande cha plaiwudi, sentimita 30 kwa 40. Pigilia fito mbili juu yake kwenye kona moja, zikutane kwa pembe mraba, kimo milimita 15 hivi, kwa sababu fungu la karata 52 lina unene wa karibu milimita 16 na ya juu kabisa inatakiwa ipite bila kukwama. Pande mbili nyingine ziwe wazi. Kwa mkono wa kulia, fito zikae mbele na kushoto kwake, asukumie kuelekea huko. Kitabu kirudi kabatini, na mama apumzishe kiwiko.

Tiba na Viungo
Naunga mkono, na ufito wa kushoto ufungie utepe mwekundu. Jicho likifundishwa kuutafuta huo wekundu kwanza, linaanza kusoma tangu mwanzo wa safu. Trei yote ikae kulia kidogo mwa kifua chake.

Fundi Mstaafu
Na ule ubao wa 50 kata katikati. Vipande viwili vya 25, kila kimoja kinabeba karata 10 kwa nafasi ileile ya milimita 20. Kimoja mbele, cha pili nyuma yake juu ya kipande cha unene wa sentimita 3, macho yake hayatasafiri mbali. Ukipaka mafuta ya kitani, subiri yakauke kweli, karata hunywa mafuta. Na vitambaa ulivyopakia usivikunjekunje ukavirundika, huwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Kisa Gani
Nimejaribu kwa mkono mmoja. Karata nne chini ya kochi. Kugawa inawezekana, kukusanya ndiyo balaa. Lile la kuuliza mfuo uliokwisha kukatwa bado silielewi, ila hiyo trei naitaka mimi mwenyewe.

Mwana wa Kati
Nimekata katikati, nimepiga randa, inalala vizuri. Kuhusu kumwambia, sijabadili mawazo, nitakiweka mezani. Ila bibi nimekusikia, mabaki ya plaiwudi yanatosha vibao vya watoto, vyote vitatoka kwa pamoja. Kimebaki kimoja: akichomoa karata kwa mkono mmoja kibao kinamfuata. Nina mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, nataka kuubandika chini. Gundi nyeupe ya mbao itaushika?

Randa Kali
Haitaushika. Tafuta ile ya mafundi viatu. Kwangua mpira kwa msasa, paka gundi nyembamba pande zote mbili, acha mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Lenga sawasawa mara ya kwanza, maana ikishagusana huisogezi tena.