Ati mimi si mchezaji kwa sababu jezi yangu haifanani na zenu?

Chini kwa Chini: Ndugu zangu wa Tanga, nimetoka uwanja wa mpira wa wavu sasa hivi, na ninaandika kabla hasira haijanishuka. Yule bwana mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Ni yule anayewapungia watazamaji mkono kabla hajapiga mpira, na anayedai kwamba akiruka pale Raskazone huiona Pemba. Leo, mama wa mihogo akishuhudia, amenitwisha katoni ya maji na kuniambia: "Shika hii, wewe si mchezaji kamili, ndiyo maana jezi yako haifanani na zetu."

Haifanani na zetu! Jezi ya libero, yaani mlinzi wa safu ya nyuma kama mimi, hutofautiana ili refa amtambue mara moja mtu anayeingia na kutoka safu ya nyuma bila kuhesabiwa katika mabadiliko 6 ya seti. Nafasi hiyo imo katika kanuni za kimataifa tangu 1998, lakini kwa bwana huyu ni kibarua cha kubeba maji. Tena alikuwa amekwisha kunifokea kwa nini sikuruka kuzuia mpira kwenye wavu, ilhali hata watoto wanaotuokotea mipira wanajua kwamba libero haruhusiwi kuzuia, wala kushambulia mpira ulio juu ya ukingo wa wavu. Wavu wenyewe una mita 2.43, hata ningeruhusiwa, ningehitaji kuazima ngazi.

Nimejitupa kwenye saruji mpaka viwiko havina ngozi, mipira niliyookoa imemfikia mpangaji, yule anayewaandalia wapigaji mpira, bwana mkubwa ameipeleka nje, kisha katoni nabebeshwa mimi! Mbele ya mama wa mihogo, ambaye alicheka hadi akasahau kunirudishia chenji!

Mkwezi wa Chumbageni: Pole sana, ila jambo la msingi hujalisema: katoni uliibeba au hukuibeba?

Chini kwa Chini: Niliibeba, lakini kwa dharau.

Kati ya Wavu: Mimi ni mzuiaji wa kati, na sina chozi la kumlilia libero. Nikizunguka nikafika nyuma, nikaanzisha mpira na tukapoteza pointi, huyu huyu anayelalamika huingia mahali pangu nami nikarudi benchi. Nikiwa mbele naruka kila shambulio, hata pale mpangaji anaponitumia kama chambo ili wazuiaji wa upande wa pili wanifuate, huku mpira ukienda pembeni kwa bwana yule yule. Ni nani aliyewahi kumpigia chambo makofi?

Vidole Kumi: Heri ninyi. Sisi wapangaji tukiuweka mpira vizuri, sifa ni za mpigaji. Mpigaji akipiga nje, mpira "ulikuwa mfupi". Halafu libero anakuja mbele kunisaidia bila kuombwa, ananyanyua kwa vidole ndani ya mstari wa mita 3 kutoka kwenye wavu, mpigaji anaushambulia juu ya wavu, filimbi inalia, na lawama zinaniangukia mimi. Ukifika huko tumia mikono ya chini, baba!

Chini kwa Chini: Tafadhali, turudi kwenye katoni.

Mpuliza Filimbi: Mnagombania nafasi ambazo hamjui hata kuzizunguka. Timu ikishinda mpira ulioanzishwa na wapinzani, wa nafasi ya 2, mbele kulia, ndiye aendaye nafasi ya 1, nyuma kulia, kuanzisha. Ninyi mnatazamana kama wageni msibani, na nikionyesha kosa la mzunguko, mnanizunguka mimi.

Mkwezi wa Chumbageni: Refa, usijifiche humu. Wewe ndiye uliyempa pointi mpigaji wa safu ya nyuma aliyekanyaga mstari wa mita 3 kabla ya kuruka, na unyayo wake ulikuwa bado umejichora kwenye chokaa.

Mpuliza Filimbi: Aliukanyaga alipotua, jambo ambalo kanuni inaruhusu.

Kati ya Wavu: Aliukanyaga kabla. Nilikuwa benchi kama kawaida yangu, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuutazama mguu wake.