Waita omo na wanunua nyengine: jina gani lilikuponza? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Majengo: Jamani leo nimekaa dukani kwa ami hapa Majengo namshikia kidogo aende akaswali, kaja mtoto wa kike wa miaka saba hivi, "nataka kolgeti ndogo". Mimi na akili zangu nikampa Colgate. Dakika tano karudi, "mamangu asema ataka kolgeti ya Aquafresh". Haya, nikambadilishia. Karudi tena machozi yamlenga, kumbe ni ile nyekundu ya Close-Up, na mamake kashatoa kichwa dirishani ghorofani, "wewe kijana hata kolgeti huijui, ami yako yuko wapi?" Nikageuka nikaiangalia ile rafu nikaona kumbe hapa hakuna kitu kinachoitwa kwa jina lake. Omo ni Ariel, pampasi si Pampers, jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ni ya kupimwa kwenye chupa ya soda na hata hujui nani kaitengeneza. Haya leteni zenu, jina gani lilikuponza?

Chai ya Tangawizi: Umenikumbusha mbali. Kwetu hata ije Prestige ya kupaka mkate ni blubendi tu.

Mtoto wa Tudor: Mimi mpaka nafika darasa la saba nilijua kiwi ni neno la Kiswahili, "piga viatu kiwi". Siku mwalimu alipotuonyesha picha ya ndege wa New Zealand akasema huyu ndio kiwi, darasa zima tukaangalia viatu.

Bamburi Mbili: Jina langu hapo juu ndio stori yenyewe. Mimi nilitoka Kitui 2009, siku ya pili Mombasa nikapata kibarua cha mjengo Mikindani. Zege lachanganywa, fundi ananipa pesa, "wewe mgeni, kimbia ulete Bamburi mbili haraka". Sasa mimi asubuhi stendi nimesikia makanga waita Bamburi Bamburi Mtwapa, kwa hivyo nikajua ni mahali na najua gari lapandwa wapi, nikajiona mjanja kweli. Nikapanda matatu mpaka mjini, nikapanda nyengine, nikavuka daraja la Nyali nikiangalia bahari, nauli natoa mfukoni mwangu nikijua nitarudishiwa. Nashuka Bamburi Mtambo nampigia fundi, "boss nshafika, hizo mbili ni za nini na nimuulize nani?" Akanyamaza. Kisha nikasikia aniweka kwenye spika, "hebu rudia hapo ulivosema". Watu kumi na mbili walinicheka wakiwa Mikindani, mimi nimesimama Bamburi juani. Kumbe duka la simiti lilikuwa ng'ambo ya barabara. Zege liliganda, siku ile sikulipwa, na mpaka leo mafundi wa upande ule wananiita Bamburi Mbili.

Chai ya Tangawizi: 😂😂😂 nimemwaga chai

Karani Mstaafu: Kijana hukukosea sana. Kiwanda chenyewe kiko hapo hapo Bamburi na kinatoa simiti tangu 1954. Mtaa ndio ulioupa mfuko jina, kisha mfuko ukalirudisha kwenu mafundi likiwa na maana nyengine. Wewe ulikwenda kwenye asili.

Bamburi Mbili: Mzee ungekuwepo siku ile ukamwambia fundi hivo.

Baba wa Wawili: Yangu fupi. Mke kanituma olwezi, pedi za kike, usiku, tuna mwezi mmoja tu wa ndoa. Muuzaji ni msichana, nyuma yangu foleni ya wazee watoka msikitini. "Olwezi gani?" Nikasema ya kila siku. Kimyaaa. Mzee mmoja akakohoa. Kanifungia pakiti kwenye gazeti, na nilipofika nyumbani si zile, na sikurudi, nilikaa barazani mpaka shemeji akapita nikamtuma yeye.

Mama Mahamri: Dawa yake piga picha pakiti kwenye simu, wafika waonyesha tu hata husemi.

Baba wa Wawili: Nilifanya hivo mara ya pili, simu ikazima pale pale kaunta.

Mama Mahamri: Basi beba pakiti tupu.

Mtoto wa Tudor: Mwanamume atembea Mwembe Tayari na pakiti tupu ya olwezi mkononi, dada hebu kuwa na huruma. Mwambie mke anunue za mwaka mzima.

Mpishi Halisi: Mimi naomba tuwekane sawa kwenye ile ya blubendi maana ndio inayoniharibia kazi. Mteja aniambia nataka keki ya siagi, nampa bei ya siagi, ashtuka, "mbona ghali na blubendi iko kila duka?" Blubendi SI siagi. Siagi yatokana na maziwa. Ile ni majarini, siku hizi ya mafuta ya mimea, iligunduliwa na Mfaransa mmoja 1869, mfalme wao Napoleon wa Tatu alitaka kitu rahisi cha kulisha jeshi na maskini mahali pa siagi.

Mtoto wa Tudor: Kwa hivyo sisi ni jeshi ama maskini?

Mama Mahamri: Mimi napika keki miaka ishirini kwa blubendi na hakuna aliyerudisha sahani na kipande.

Mpishi Halisi: Sijasema si tamu. Nimesema si siagi.

Mama Mahamri: Wewe hio siagi yako ikikaa nje mchana wa Machi hapa Mombasa yawa mchuzi. Tuache.

Wa Tanga Kabisa: Nyinyi Wamombasa ndo mna maajabu, pikipiki ya magurudumu matatu mwaita tuktuk, ule ni mlio wa injini au jina? Sisi twaita bajaji na kila mtu ameelewa.

Mkaazi wa Majengo: Bajaj ni kampuni ya India. Hapa nyingi ni Piaggio na TVS. Sasa utaita TVS bajaji, si ndio tunalozungumza humu?

Wa Tanga Kabisa: Ndio twaita, bajaji ya TVS. Tatizo liko wapi?

Bamburi Mbili: Hamna tatizo, bora usinitume kuileta.

Wa Kemisti: Nakatiza kidogo kwa sababu hii kwetu si mchezo. Panadol ni jina la kibiashara, dawa yenyewe yaitwa paracetamol, na hio paracetamol imo pia ndani ya tembe nyingi za mafua na za kichwa zenye majina mengine kabisa. Mtu aja, "nipe panadol", nampa, kumbe nyumbani kashameza mbili za mafua na ajiona kameza vitu tofauti. Mtu mzima tembe za miligramu 500 zisizidi nane kwa saa ishirini na nne, ukichanganya majina hesabu inakupotea na linaloumia ni ini. Soma yale maandishi madogo, si jina kubwa. Na pale hapo juu mtu kataja jiki ya kupimwa kwenye chupa ya soda, wallahi mwaka hauishi hatujaletewa mtoto aliyeinywa akidhani ni soda.

Chai ya Tangawizi: Na ile iitwayo Mara Moja je? Mimi nilimwambia mjukuu lete dawa mara moja, kanileta hio, kichwa chenyewe hakikuwa chaniuma nilitaka dawa ya presha.

Dada wa Kisauni: Nimesoma yote nikicheka na sikutaka kuandika maana hii kwetu bado haichekeshi sana, lakini wacha niiseme. Mimi nilikuwa fomu tatu, dadangu yuaolewa baada ya Idi. Mamangu hana habari na benki. Miaka minane kila akikusanya pesa za mahamri aenda kwa sonara Mji wa Kale anunua kidogo kidogo, mpaka akawa na bangili sita na kidani, akazifunga kwenye kipande cha leso kuukuu, akatia ndani ya mkebe akafunika na mchele juu, akaweka juu ya kabati. Hatukuambiwa hata mmoja wetu. Siku tatu kabla ya harusi nyumba yapakwa chokaa, vyombo vyote viko barazani, yeye yuko Kongowea anatafuta nazi. Anipigia, "huyo mtu wa skrapu akipita mpe mikebe yote iliyozidi, lakini kimbo ya juu ya kabati usiiguse". Nikasema sawa. Sasa juu ya kabati kuna mikebe miwili. Mmoja umeandikwa KIMBO herufi kubwa, yale mafuta ya kupikia. Mwengine una picha ya ndege, Kasuku, mafuta ya kupikia ya jina jengine. Na mimi si ndio msomi wa nyumba. Nikauchukua ule wa Kimbo nikausukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, asije mtu akaugusa. Ule wa Kasuku nikampa mtu wa skrapu pamoja na sufuria mbili zilizotoboka, tena kwa ukarimu nikamwambia una mchele mkavu ndani, peleka nyumbani. Akanipa shilingi thelathini. Nikanunua ubuyu.

Mamangu karudi, kavua buibui, macho moja kwa moja juu ya kabati. "Kimbo iko wapi?" Nikamtolea nikijisifu. Kafungua. Vifungo vya nguo, sindano, risiti za stima za zamani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa kwenye mkeka akaniangalia, akasema pole pole, "mwanangu, kimbo yangu ni ya Kasuku".

Nilitoka mbio na ndara mbili tofauti, moja ya babangu. Wacha nimlishe mtoto narudi.

Mtoto wa Tudor: WAPI?? Rudi hapa

Mama Mahamri: Mtoto atakula baadaye jamani

Baba wa Wawili: Mimi nimeegesha gari kando ya barabara nangoja

Karani Mstaafu: Wakati tunamngoja, mjue kampuni zenyewe hazipendi jambo hili hata kama laonekana sifa. Nilifanya kazi ofisi ya mawakili. Aspirin lilikuwa jina la Bayer tangu 1899, mahakama ya Marekani ikaamua 1921 kwamba kwa wanunuzi lishakuwa jina la dawa, likawa la kila mtu, ingawa Ujerumani na Kanada bado ni la Bayer. Thermos yakawafika hayo hayo Marekani 1963. Escalator, ile ngazi inayojiendesha, lilikuwa jina la kampuni ya Otis, wakalipoteza 1950. Kwa hivyo mkisema

Mtoto wa Tudor: Mzee kwa heshima zote, sisi tuko kwenye dhahabu.

Mpishi Halisi: Mwacheni amalize, mimi nafuata. Thermos kwetu ni chupa ya chai na wala hatukumpora mtu.

Wa Tanga Kabisa: Na biki je? Kalamu.

Karani Mstaafu: Bich, Mfaransa, kalamu ile ya plastiki aliitoa 1950. Aliondoa ile h kwenye jina lake. Haya namaliza, leteni dhahabu yenu.

Mkaazi wa Majengo: Kimbo yangu ni ya Kasuku 😭 hii nitaiandika ukutani dukani.

Dada wa Kisauni: Nimerudi, poleni. Nilimfuata kwa sauti, maana wale huita "vyuma, betri mbovu", nikiisikia mtaa wa pili, nikifika kashapita. Nilimpata magharibi kwenye ua wanakopimia, mikebe kashaiponda yote isipokuwa huo, alisema mkebe mzima una mnunuzi wake. Mchele kashaumwaga kwenye mfuko na kumpa kijana aupeleke kwake. Tukaenda kwake, mimi nalia, yeye aniambia tulia dada mchele mchele tu, sikumwambia ndani mna nini. Mkewe tayari yuaupepeta. Lile fundo la leso kaliweka dirishani, alidhani ni hirizi akaogopa kulifungua. Hivo ndivo alivosema. Tulipolifungua kwetu, kidani kipo, bangili nne.

Bamburi Mbili: Nne?? Si sita?

Dada wa Kisauni: Nne.

Mtoto wa Tudor: Huyo mke kazichukua, nani aogope hirizi halafu aiweke dirishani.

Mama Mahamri: Usimsingizie mtu. Huenda ni yule kijana wa njiani. Au mama mwenyewe alihesabu vibaya, miaka minane ni mingi.

Dada wa Kisauni: Wewe humjui mamangu. Ahesabu mpaka mahamri yaliyo ndani ya mafuta. Lakini hakurudi kuwauliza, alisema ningekuwa mimi nimepata fundo kwenye mchele sijui ningefanya nini. Dadangu aliolewa na nne, mbili tukaazima kwa shangazi ili mkono ujae kwenye picha, na shangazi alisimama karibu na bibi harusi usiku kucha.

Baba wa Wawili: Angekuwa mamangu ningehama Mombasa.

Wa Kemisti: Hizi za dhahabu wekeni benki jamani.

Chai ya Tangawizi: Benki nako waandika jina lake vibaya.

Mkaazi wa Majengo: Na mkebe wenyewe uko wapi siku hizi?

Dada wa Kisauni: Uko jikoni, atilia sukari. Ukimuuliza mamangu sukari iko wapi akwambia angalia kwenye kimbo.