Tupeane uzoefu: Baba aliyekuwa mchungu maisha yake yote, sasa yuko kitandani anaondoka

Mwanzisha uzi: Wakuu, jana usiku kaka kanipigia. Daktari kawaambia ni suala la siku, walio mbali waitwe. Nikasema sawa, nikakata simu, nikaendelea kufua. Baadaye ndiyo nikashtuka nimesuuza shati moja mara tatu.

Mzee wetu hakuwa mlevi, hakututelekeza, ada alilipa. Ila sijawahi kumsikia akimsifia mtu. Ukishika namba mbili darasani, swali lake ni "wa kwanza nani?" Akiingia sebuleni sote tunahamia chumba kingine, mpaka mama. Leo anakufa na mimi sisikii kitu. Waliopitia hili, mlienda? Mlimwambia nini?

Kitindamimba: Hiyo ya kuhama sebule! Sisi tulimjua kwa mlio wa funguo.

Sikosei: Nenda. Baba ni baba.

Jiwe la Pembeni: Usiende kama moyo haupo. Utakaa pale ukihesabu vigae tu.

Mkono Mwepesi: Uzi huu nimeupita mara mbili, nimerudi.

Wangu alikufa kwa saratani ya ini, miezi minne tangu igundulike. Kaka zangu watatu walitoa pesa, mwili wake ukaniangukia mimi. Nikawa namwogesha mtu ambaye hakuwahi kunishika hata mkono. Wiki ya mwisho akawa anachanganyikiwa, hasa jioni. Asubuhi anajua mpaka tarehe, jua likizama anauliza hapa ni kwa nani.

Jioni moja namkata kucha za miguu. Zilikuwa nene, za njano, mkasi haupiti, ikabidi niziloweke kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Nikaweka mguu wake juu ya paja langu. Akaniangalia weee, akasema, "Asante, dada. Una mkono mwepesi."

Nikajua kanidhani nesi. Asante ya baba yangu sikuwahi kuipata, wala sikujua kwamba sauti yake inaweza kushuka namna ile. Nikaogopa kusema ni mimi, isije ikakatika. Nikamuuliza kama manesi wanavyouliza, "Mzee, una watoto?" Akasema, "Watatu wa kiume." Nikasema, "Wa kike huna?" Akafikiri kidogo. "Yupo mmoja. Yule hamna kitu."

Mguu wa kushoto ulikuwa bado. Nikakata kucha zote tano, nikamwaga maji, nikaenda kukaa kwenye ngazi nje. Kafariki siku tano baadaye. Mpaka leo nikilia, namlilia yule mzee aliyeniita dada.

Kitindamimba: Nimeweka simu chini kwanza.

Jiwe la Pembeni: Pole dada. Mimi ningeacha huo mguu wa kushoto vilevile.

Sikosei: Poleni, lakini mnaowasema wazazi hadharani mtajibu. Marehemu hasemwi vibaya.

Kitindamimba: Huyo wa mwanzisha uzi bado hajafa, Sikosei. Soma kwanza.

Zamu ya Usiku: Mimi ni nesi, wagonjwa wa hivi nimekaa nao wengi. Mwanzisha uzi, utakayoyakuta nakuambia mapema yasikutishe. Atalala muda mwingi. Chakula atakataa, msimlazimishe, mwili unafunga kazi. Mlowesheni midomo tu. Miguu na mikono itapoa, ngozi inaweza kuwa na mabaka. Kuna mlio wa koo kama maji yanachemka: ni mate ameshindwa kuyameza, unawaumiza nyie zaidi kuliko yeye. Halafu pumzi: zinapanda, zinashuka, zinasimama kabisa sekunde nyingi, mnaanza kulia, anavuta tena. Hiyo wanaiita Cheyne-Stokes, kwa majina ya madaktari wawili wa karne ya 19.

Na dada Mkono Mwepesi, kuchanganyikiwa kule ni ugonjwa. Ini likishindwa, ubongo nao unavurugika. Nimeshatukanwa na wazee waliokuwa wapole maisha yao yote. Usiyachukue yale kama hukumu.

Mkono Mwepesi: Asante nesi. Ila na asubuhi akiwa na akili zake alikuwa anasema hivyohivyo.

Mzee wa Hatua: Mwanzisha uzi, kutosikia kitu ni kawaida. Ipo hatua ya kukana, halafu hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali. Zipitie kwa mpangilio utakuwa sawa.

Zamu ya Usiku: Mkuu, hizo hatua tano Elisabeth Kübler-Ross alizitoa 1969 akizungumzia wagonjwa wanaokufa wenyewe. Kuwapangia waliobaki kama ratiba ni jambo la baadaye. Mtu anaweza asipite hata moja.

Mzee wa Hatua: Mimi nilipita zote tano.

Jiwe la Pembeni: Hongera, chukua cheti.

Ameamka: Sasa nisikilizeni mimi. Wetu alipoteza fahamu, wakatuambia hamalizi usiku. Tukaitana, tuko sita, wengine tulikuwa hatuongei miaka. Mmoja akasema kila mtu aingie peke yake amsamehe mzee, aondoke na amani. Tukaingia. Dada mkubwa kalia dakika arobaini. Mimi nikamwambia, "Baba, nimekusamehe, ila nilikuwa naomba ufe tangu niko darasa la saba." Mdogo wetu akaungama kwamba ule mkanda uliopotea ni yeye aliutupa chooni.

Siku ya tatu mzee akafumbua macho. Akaomba maji. Akamwangalia mdogo wetu, akasema, "Mkanda wangu."

Kitindamimba: WEEE!

Jiwe la Pembeni: Nacheka na sitaki kucheka.

Sikosei: Huyu anatunga.

Zamu ya Usiku: Si lazima atunge. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa hawaitikii tena, saa chache kabla ya kufa. Baadhi, ubongo ulikuwa bado unashtukia sauti. Ndiyo maana tunasema ongeeni naye.

Mzee wa Hatua: Kushtukia sauti na kuelewa maneno ni vitu viwili.

Zamu ya Usiku: Kweli, na watafiti wenyewe hawakusema wanaelewa. Hapo uko sahihi.

Kitindamimba: Ameamka usitoroke! Ikawaje?

Ameamka: Akaishi miaka miwili. Kila tukikaa ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye aliyeniombea kifo, Mungu akamnyima." Alipokufa kweli, hakuna aliyeingia. Tulikaa korido wote sita. Mama ndiye alikuwa ndani, akatoka akasema, "Tayari," akaomba apewe kiti.

Jiwe la Pembeni: Na wasifu alisoma nani?

Ameamka: Mimi. Kuzaliwa, shule, kazi alizofanya, watoto sita, kufariki. Dakika moja na nusu. Pale wanapoandikaga "alikuwa baba mwenye upendo" nikaweka "alikuwa mtu wa kuwahi kazini". Hakuna aliyebisha.

Sikosei: Mimi wangu nilimwandikia "mwenye upendo". Mtu angeniambia inawezekana kuweka ya kuwahi kazini.

Kitindamimba: Sikosei!! Kumbe na wewe?

Sikosei: Tuendelee na mada.

Mwanzisha uzi: Nimefika wakuu. Nilipanga maneno njia nzima, nimeyakuta yote yamepotea. Amekuwa mdogo, shuka limemzidi. Pumzi ni zile za nesi, nimehesabu mpaka 22 ndipo akavuta. Kucha zake ni ndefu. Nimeziangalia tu. Kaka ananiuliza kama nimekuja na chaja.

Mkono Mwepesi: Loweka kwanza.