Pampu ya fundi wa AC kwa kazi ya faiba: geji inakwama -0.65, nitafute kubwa zaidi?

mashua_shela (Lamu):
Assalamu alaikum mafundi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa nyingine.

Kazi ni vipande bapa vya sakafu ya boti na kifuniko cha sanduku la mashine, kila kimoja sentimita 120 kwa 80. Nataka viwe vyepesi kuliko vya kupaka kwa brashi, kwa hiyo nakusudia faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) ilazwe kavu chini ya mfuko, kisha resini (gundi ya maji inayoganda ndani yake) ivutwe na pampu. Pampu ni ile ya bei nafuu ya mafundi wa AC, ya hatua moja, 3 CFM, yaani lita 85 hivi kwa dakika. Kalibu, yaani umbo la kulazia faiba, ni plaiwudi ya milimita 18 iliyopigwa vanishi na nta. Mfuko ni nailoni ya maikroni 200 ya vitalu vya mboga, na tepi ni ile nyeusi ya butili ya kuzibia mabati.

Geji haivuki baa -0.65 (0 ni hewa ya kawaida, -1 ni utupu kabisa) hata nikiacha nusu saa. Pampu inachemka na kutoa moshi wa mafuta. Je, ni udogo wa pampu? Nikinunua ya 6 CFM nitapona? Na resini niliyo nayo ni polyesta ya kawaida ya dukani, itafaa?

friji_malindi:
Wa alaikum salaam. Usinunue kitu. Ipime kwanza pampu peke yake: funga geji kwenye mdomo wake bila mfuko, uiwashe. Ikifika -0.95 au zaidi, ni nzima, na tatizo liko mbele yake.

Tena hesabu yenyewe inasema hivyo. Geji ikitulia -0.65, ndani kumebaki theluthi moja hivi ya hewa ya kawaida. Kila dakika pampu inatoa lita 85 za hewa hiyo nyembamba, ambazo ni sawa na lita 30 hivi za hewa tunayoivuta sisi. Na kwa vile sindano haisogei, lita 30 nyingine zinaingia kila dakika. Hilo si tundu dogo. Ukiweka pampu ya 6 CFM geji itasoma -0.83 hivi, lakini lita 30 zitaendelea kuingia vilevile, na zikipita kwenye resini zinaacha mapovu na mistari mikavu.

Moshi nao ni dalili hiyo hiyo. Pampu hizi zimeundwa kukausha mfumo uliofungwa. Hewa ikipita nyingi mfululizo huyabeba mafuta na kuyatoa kama ukungu. Angalia kioo cha mafuta: yakiwa meupe kama maziwa yameingia maji, na kwa unyevu wa pwani hilo huja upesi. Mwaga, weka mafuta ya pampu ya vakyumu, si ya injini.

kalibu_na_nta (Lamu):
Mimi naitilia shaka plaiwudi. Vanishi huziba uso wa juu, lakini kingo za ubao zinabaki wazi, na hewa hutembea baina ya tabaka zake kama maji kwenye mkeka. Ukiziba huku inatokea kule. Kwa kipande bapa hakuna kalibu nzuri kama kioo cha milimita 8 au 10 kilicholazwa juu ya meza iliyonyooka, au ubao wenye fomika isiyo na ufa. Paka nta mara nne au tano, kila koti likauke na kufutwa, lakini acha sentimita 10 za pembeni bila nta. Tepi haishiki kwenye nta. Bandika tepi hapo kabla hujaanza kupaka, na karatasi yake ya juu usiibandue mpaka dakika ya kufunga mfuko.

Halafu faiba yenyewe. Unapoikata, uzi mmoja mmoja huruka na kulala juu ya tepi. Ukibandika mfuko juu yake, ule uzi unakuwa mrija mwembamba kutoka nje hadi ndani, na kwa jicho huuoni. Ndiyo sababu karatasi ya tepi ibaki. Kata faiba mbali na kalibu, na upanguse kingo kwa spiriti kabla ya kufunga.

Mfuko uwe mkubwa kuliko kipande kwa robo hivi, na ziada yote iingie kwenye marinda: kila sentimita 30 au 40 simamisha kipande cha tepi, nailoni ipande juu yake na kushuka upande wa pili. Mfuko uliovutwa bila marinda huning'inia kwenye kona kama daraja, na nailoni ngumu ya vitalu hupasuka hapo hapo. Paipu inapopita, izungushie tepi mpaka inenepe kama kitumbua, kisha ikandamize kwenye tepi ya chini.

Kutafuta tundu: pampu ikishafika inapofika, bana paipu, uizime, funga feni, nyamaza. Shika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe polepole juu ya tepi yote. Tundu hulia kama nyoka. Geji ikae upande wa mfuko, maana iliyo karibu na pampu husoma sifa za pampu tu.

Hujasema kama una chombo cha kunasa resini kati ya mfuko na pampu. Kama huna, usijaribu hata kidogo. Sufuria ya presha ya alumini inatosha: toboa mfuniko mara mbili, weka vipitisho vya shaba, moja ya mfuko, moja ya pampu. Ndoo ya plastiki itasinyaa, na chupa ya glasi inaweza kupasuka usoni mwako.

mashua_shela:
Shukran sana wakubwa. Pampu peke yake inafika -0.95, kwa hiyo mlisema kweli. Nimehamia kioo cha milimita 10. Mfuko mtupu umefika -0.93, nimebana paipu, baada ya dakika kumi geji inasoma -0.92. Sufuria ya presha iko tayari. Moshi umekwisha. Sasa naweza kuvuta resini?

resini_taratibu:
Kaka, mfuko umekubali, resini ndiyo bado. Polyesta ya kupaka kwa brashi mara nyingi imetiwa unga wa kuizuia isiteremke ukutani. Unga huo huo huizuia isitembee chini ya mfuko. Koroga, kisha inua kijiti: ikining'inia kama uji mzito, hiyo si ya kuvuta. Ulizia iliyotengenezwa kwa kuvutwa, ya sentipoizi (kipimo cha uzito wa kutiririka) 200 hadi 300, karibu na mafuta ya injini yasiyopata moto.

Hii uliyo nayo isiende bure. Itumie kwa njia ya mfuko wa kubana: paka kwa mkono kama kawaida, juu weka kitambaa cha kuchubua (kinachobanduliwa resini ikishaganda), nailoni yenye vitundu, pamba ya polyesta ya kutengenezea mablanketi ili hewa ipite, kisha mfuko. Hapo -0.7 inatosha, tayari ni tani saba zinazokandamiza kila mita ya mraba. Kwa kitambaa cha kuchubua bitana ya polyesta isiyotiwa dawa ya kuzuia maji huwa inafaa, lakini jaribu kipande cha kiganja kwanza uone kama kinabanduka.

Joto ndilo adui wako mkubwa Lamu. Changanya gramu 100 na mililita 1 ya hadina (dawa ya kugandisha resini), hesabu dakika mpaka iwe kama jeli. Muda huo uwe angalau mara mbili ya muda wa kujaza. Ukiwa mfupi usipunguze hadina chini ya asilimia 1, maana kipande kitabaki laini. Fanya kazi alfajiri, na kioo kisiguswe na jua. Na kama unanunua kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kando, itie kwenye resini na kuikoroga kabisa kabla ya hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka.

friji_malindi:
Kuhusu stima: weka vali ya kutorudisha kati ya sufuria na pampu. Ikikatika katikati ya kazi, bila vali mafuta ya pampu yanarudi kwenye paipu na mfuko unapoteza nguvu. Hata siku ya kawaida, funga vali ya mfuko na uingize hewa upande wa pampu kabla hujazima. Mdomo wa kutolea moshi uuungie paipu hadi nje; mvuke wa stirini (kimiminika chenye harufu kali kilichomo kwenye resini) usibaki chumbani na wewe. Stirini huyalainisha mafuta pia, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya kazi chache.

mashua_shela:
Nikipata resini nyepesi, nichanganye kiasi gani kwa kipande kimoja? Na iingie kutoka upande gani?

resini_taratibu:
Chukulia matabaka manne ya faiba ya kufumwa ya gramu 600 kwa mita ya mraba. Kipande chako ni karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo faiba ni kilo 2.4, kwa unene wa milimita 2.3 hivi. Resini itakayobaki ndani ni kama kilo 1.6. Ongeza gramu 800 za neti (wavu wa juu wa kusambaza resini), mipira na kitakachoingia kwenye sufuria. Changanya kilo 2.4, na weka nusu kilo nyingine kando bila hadina.

Iingie katikati, kwa mrija wa spairo ule wa kufungia nyaya za umeme, uliolazwa kwenye urefu wa kipande. Pampu ivute kutoka kingo mbili. Resini hupunguza mwendo kadiri inavyokwenda mbali: umbali ukiwa maradufu muda unakuwa mara nne, kwa hiyo sentimita 40 kila upande ni robo ya muda wa kuvuka 80. Neti ya juu iishie sentimita 5 kabla ya ukingo, ili resini ipunguze kasi na kushuka chini ya faiba badala ya kukimbilia kwenye sufuria.

Mdomo wa mpira usitoke kamwe ndani ya ndoo. Pumzi moja ya hewa huacha njia nyeupe mpaka mwisho. Faiba yote ikilowa, bana mpira wa kuingizia kwanza, punguza mvuto hadi -0.8 hivi ili stirini isichemke ndani, acha pampu mpaka iwe ngumu. Mabaki ya ndoo yamwage kwenye mchanga, yasirundikane. Kilo moja iliyokusanyika hupata moto mpaka ikafuka.