Seti nyingi au seti chache? Wakuu, kilo zinapungua badala ya kuongezeka

Kifua_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye uzoefu na chuma watangulie. Nina miaka 26, niko hapa Dodoma, huu ni mwezi wa nne jimu. Kocha wetu ni mtu wa seti nyingi, yaani mafungu ya kuinua chuma mfululizo kabla ya kupumzika. Kifua peke yake seti 20 kwa siku, na tunaingia siku sita kwa wiki. Jamaa ninayefanya naye tizi anasema tunajichosha bure: piga seti mbili za nguvu mpaka mkono ugome, nenda kalale, misuli itakua yenyewe. Kila mmoja ananionesha video zake. Mimi nilianza na kilo 68, juzi nimepima niko 64. Mikono ndiyo kwanza inakonda. Usiku sipati usingizi. Nifuate lipi?

Baba_Karanga
Kijana, sisi miaka ya tisini pale Chang'ombe hatukuwa na seti wala kocha. Tulimimina zege kwenye makopo mawili ya rangi, katikati tunapitisha bomba la maji, likikauka hicho ndicho chuma. Unainua mpaka jua linazama, unarudi nyumbani kwenye ugali wa uwele na mlenda. Siku moja kopo lilichomoka likaniangukia kwenye dole gumba, ukucha mpaka leo ni mweusi. Lakini kifua nilikuwa nacho!

Dada_Ipagala
Mdogo wangu, miaka 26 usingizi unakupotea kwa ajili ya kifua? Jenga kwanza maisha, hata kiwanja Nzuguni anza kulipia kidogo kidogo. Nasema kwa upendo.

Mwl_Tizi
Turudi kwenye swali. Pande zote mbili zina mabingwa. Arnold Schwarzenegger alichukua Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mara saba, na alikuwa mtu wa seti nyingi, mara nyingine anaingia jimu mara mbili kwa siku. Mtunisha misuli mwingine, Mike Mentzer, aliipigia debe njia ya seti chache, aliyoirithi kwa Arthur Jones, yule wa mashine za Nautilus. Dorian Yates wa Uingereza akaifuata kwa namna yake, akachukua taji mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997. Ila watu wanasahau kwamba Yates alipasha misuli kwa seti kadhaa kabla ya ile moja ya kufa na kupona.

Kwa sisi wa kawaida, uchambuzi wa mtafiti Schoenfeld na wenzake wa 2017 ulikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba seti zikiongezeka kwa wiki, misuli nayo inakua zaidi, na waliofika seti 10 na kuendelea kwa kila msuli walifaidika kuliko wa chini ya hapo. Hiyo ni kwa wiki. Wewe unapiga 20 kwa siku moja. Tena anayepungua kilo nne ndani ya miezi minne, shida yake haianzii kwenye seti. Unafanya kazi gani, na unakula nini?

Kifua_Nkuhungu
Asante mwalimu. Kazi za kawaida tu. Chakula nakula vizuri. Mimi nilitaka kujua seti.

Mwl_Tizi
Kazi ya kawaida ni ipi? Ya kukaa au ya kusimama?

Kifua_Nkuhungu
Ya kusimama.

Dada_Ipagala
Mbona unamzungusha mwalimu? Anataka kukusaidia.

Kifua_Nkuhungu
Sawa. Nashusha saruji. Semi ina mifuko 600, tunakuwa wanne, kila mmoja mifuko 150. Siku nyingine zinaingia semi mbili. Sikusema kwa sababu mtu akisikia kuli anaacha kujibu swali, anaanza kukuonea huruma. Na kubeba hakujengi kifua, hilo nina uhakika nalo. Chakula ni chai na chapati asubuhi, usiku ugali na mboga. Mchana ukila unakuwa mzito.

Kuacha jimu haiwezekani. Nimelipa miezi mitatu mbele, elfu tisini, na hairudishwi. Halafu kuna ukumbi nimeahidiwa kazi ya ulinzi mlangoni, wanataka mtu mwenye mwili. Hiyo ndiyo njia yangu ya kutoka kwenye saruji.

Jicho_la_Mlima
Hii ni chai. Mifuko 150 ya kilo 50 ni tani saba na nusu. Mtu ameshusha tani saba na nusu halafu jioni anapiga kifua seti 20? Na bando la kuandika uzi mrefu hivi anapata wapi? Kuna mtu yuko ofisini Mtumba, kiyoyozi kinampuliza, anatupima akili.

Baba_Karanga
Kuli kukosa bando? Kuli huwa na simu mbili, ya kwake na ya mwenye lori.

Jicho_la_Mlima
Basi ajibu moja tu: wakati wa kushusha anavaa nini kichwani?

Kifua_Nkuhungu
Kiroba. Unakunja kona moja unaiingiza ndani ya nyingine, kinakaa kama kofia na mkia wake unashuka mpaka mgongoni, ili karatasi isikuchubue shingo. Mifuko ya katikati ya semi huwa bado ina joto la kiwandani, ukiutua begani unausikia kupitia shati. Vumbi likikutana na jasho linaganda nyuma ya masikio. Ukienda kuoga unaanza kulibandua kwa kucha kabla ya sabuni, maana sabuni ikitangulia inachoma. Nipo Nkuhungu, ndugu yangu. Sina ofisi.

Jicho_la_Mlima
Nimekuelewa. Samahani ndugu.

Mwl_Tizi
Kifua_Nkuhungu, mgongo wako, mabega na mapaja yameshafanya tizi kabla hujagusa chuma. Ni kweli kubeba hakujengi kifua sawasawa, lakini mwili unapona kwa akiba moja tu ya nguvu, na hiyo umeikausha. Kwanza nijibu: mkojo wako umewahi kuwa na rangi ya Coca-Cola? Hiyo ni dalili ya misuli kuvunjika na kuziba figo, na kwa jua la hapa na kazi yako usiichukulie poa. Ukiona hivyo, hospitali siku hiyo hiyo.

Nenda jimu siku mbili kwa wiki, siku ambazo semi haiingii. Kifua seti tatu kila siku, jumla sita kwa wiki, na mikono kidogo. Mgongo na miguu waachie saruji. Seti 10 za kwenye utafiti tutazifikiria kilo zikirudi.

Chakula sasa. Kwa uzito wako lenga protini gramu 100 hivi kwa siku. Robo kilo ya maharage makavu inakupa kama 50, gramu mia za karanga kama 25, mayai matatu 18. Ongeza dagaa wakavu wa soko la Majengo, hao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Na mchana ule, hata uji wa karanga. Huo uzito unaousema ni uchovu, siyo shibe.

Kifua_Nkuhungu
Mkojo haujafika huko, ni wa njano iliyokolea tu. Nitaongeza maji. Lakini mwalimu, kifua sita kwa wiki ni kidogo mno, kocha ataniona nimekata tamaa. Nipe 12.

Mwl_Tizi
Sita.

Kifua_Nkuhungu
Nane. Nne Alhamisi, nne Jumapili. Alhamisi hakuna gari.

Dada_Ipagala
Na kulala je?

Mwl_Tizi
Nane basi, na saa tatu usiku uwe kitandani. Baada ya wiki tatu rudi hapa na kilo zako. Pima asubuhi kabla ya chai.

Kifua_Nkuhungu
Sawa mwalimu. Kesho zinaingia semi mbili, saa tisa mchana nitatafuta huo uji.