MJADALA: Mikwaruzo ya Metropolis ifutwe yote na AI, au iachwe kama ilivyo?

Mleta mada

Wakuu habari za humu. Naweka mada mezani, najua wapo watakaosema "muvi ya mwaka 47 inatuhusu nini", wavumilie kidogo.

Kwa ambao hawajaiona, Metropolis ni muvi bubu ya Kijerumani ya Fritz Lang, jiji la miaka ya mbele, matajiri wako juu maghorofani na vibarua wako chini ya ardhi na mashine, na humo ndo kuna yule roboti wa kike wa chuma ambaye hata kama hujaiona muvi yenyewe sura yake ushakutana nayo. Ilizinduliwa Berlin tarehe 10 Januari 1927 ikiwa na urefu wa mita 4,189, kama saa mbili na nusu hivi. Mwaka huohuo ikaanza kuchinjwa. Paramount walimpa mwandishi wa tamthilia Channing Pollock aikate upya kwa ajili ya Wamarekani, na kwao Ujerumani UFA, kampuni iliyoitengeneza, wakaiondoa kwenye kumbi wakairudisha ikiwa na mita 3,241. Vilivyokatwa vikapotea na dunia ikakubali ndo basi tena.

Mpaka 2008, Buenos Aires. Kumbe msambazaji wa Argentina, Adolfo Wilson, alichukua kopi ndefu kabla mkasi haujapita, kopi ikaangukia kwa mkosoaji wa sinema Manuel Peña Rodríguez, baadaye ikaingia mfuko wa taifa wa sanaa, mwisho ikaishia stoo ya jumba la makumbusho ya sinema la jiji. Aliyenusa ni Fernando Peña, mwanahistoria wa sinema, alisikia mtu wa klabu ya sinema akisimulia jinsi alivyokaa zaidi ya saa mbili ameukandamiza mkanda kwa kidole usirukeruke kwenye projekta, sasa jamaa akajiuliza, zaidi ya saa mbili? Kopi inayojulikana mbona haifiki huko? Paula Félix-Didier alipopewa kuongoza makumbusho yale 2008 wakaenda kufungua makasha wakakuta ndo yenyewe.

Shida iko hapa. Kilichokutwa sio ule mkanda wa milimita 35. Ule ulikuwa wa naitreti, unashika moto kama nini sijui, kwahiyo miaka ya 70 ulinakiliwa kwenye milimita 16 halafu ukateketezwa. Na hawakuusafisha kwanza! Kila mchubuko, kila tone la mafuta, vyote vikapigwa picha humohumo ndani, sio uchafu wa juu tena kwamba utafuta kwa kitambaa. Ndo maana ukiangalia toleo la 2010, lile lililotumia kopi hiyo, zile dakika kama 25 zilizorudishwa zinashuka mistari kama mvua na picha inakuwa ndogo, juu na pembeni pana weusi, kwa sababu ile 16 ilimega sehemu ya fremu.

Sasa swali: taasisi zinazotunza filamu kama hizi, zenye dhamana ya urithi wa watu wote (toleo lililotengenezwa 2001 liliingizwa kwenye rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia), ziingize AI zifute mistari yote, zijaze ule weusi, hata zitie rangi? Mimi nasema hapana. Karibuni.

Mchangiaji 1

Mkuu mada nzuri ila msimamo wako siuafiki hata kidogo. Nimeiangalia juzi na mdogo wangu, yuko form three, tulipofika vile vipande vya Argentina akaniuliza "bro hii imeharibika?" akachukua simu yake, basi, nimempoteza mtazamaji. Hii mikwaruzo Fritz Lang hakuiweka, imewekwa na projekta mbovu na fundi mvivu, sasa kwanini tuilinde kama mboni ya jicho? Teknolojia ipo. Ile treni ya ndugu Lumière ya miaka ya 1890, jamaa mmoja 2020 kaipitisha kwenye AI ikatoka 4K fremu 60 kwa sekunde, watu mamilioni wameiangalia.

Mleta mada

Mkuu tuwekane sawa, sijasema kompyuta isiguse. Kompyuta iligusa sana tu, kuna kampuni ya Munich ilifanya kazi ya kupunguza ile mistari fremu kwa fremu, na walipunguza mingi. Wakafika mahali wakaona wakiendelea wataanza kula nyuso za waigizaji, wakaacha. Mimi naupenda ule mpaka. Kupunguza mstari kwa kutumia kilichopo kwenye fremu ya jirani ni kitu kimoja, kuiambia mashine ibuni shavu ambalo haijawahi kuliona ni kitu kingine kabisa, hata kama vyote vinaitwa "kusafisha".

Chukua kile kipande cha Hel. Rotwang, yule mgunduzi, ana sanamu ya kichwa kikubwa cha mwanamke nyuma ya pazia, Fredersen, yule tajiri anayetawala jiji, anavuta pazia anakuta jina la mke wake marehemu. Kumbe huyo mwanamke Rotwang ndo alimpenda, tajiri akamchukua, na Hel akafa akimzaa mtoto wao Freder. Roboti inaundwa ili Hel arudi! Marekani walilifyeka jina kwa kuwa linafanana na neno lao la jehanamu, na hadithi nzima ikageuka, Rotwang akabaki kichaa tu wa kuunda mashine za kuchukua kazi za watu. Miaka 80 tumeangalia muvi ambayo mtu "aliirekebisha kwa ajili ya mtazamaji". Ndo maana nikisikia mtu anataka kuirekebisha tena kwa ajili ya mdogo wako napata wasiwasi.

Mchangiaji 2

Nyie wote mnaongea kana kwamba kuna original moja iliyokaa mahali. Hakuna! Enzi zile walikuwa wanapiga na kamera zaidi ya moja, Metropolis ilikuwa na negativu (mikanda mama ya kunakilia kopi) tatu, ya Ujerumani, ya Marekani na ya kuuza nje, na teki haziko sawa kwa sawa. Ile kopi iliyokuwa New Zealand ilisaidia urejeshaji kwa sababu ilikuwa na vitu ambavyo zingine hazina. Kwahiyo hiyo mnayoiita kamili ni mchanganyiko. Hata mpangilio wenyewe, waliutoa wapi? Kwenye noti za muziki wa Gottfried Huppertz, mtunzi wa muziki wa muvi hiyo, alikuwa ameandika alama zaidi ya elfu moja za nini kinatokea kwenye picha. Yaani mtu wa piano ndo katuokoa. Sasa kama tayari imeshonwashonwa, kushona kidogo zaidi kuna dhambi gani?

Mchangiaji 3

Nami niseme kitu. Sisi tumekulia vibanda umiza, DJ anatafsiri muvi ya Kichina anaongeza na matusi yake, anamuita stelingi jina la mtaani, na tulikuwa tunaipenda kuliko ya kawaida. Mbona hakuna aliyesema urithi wa Wachina unaharibiwa? Na 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder aliitia Metropolis hiyohiyo rangi na nyimbo za pop, Freddie Mercury yumo humo, na kuna watu ndo walivyoifahamu. Muvi ni mali ya watazamaji. Anayetaka kali akae na kali, anayetaka laini apewe laini.

Mleta mada

@Mchangiaji 3 hapo kwa DJ hatuna ugomvi, mimi mwenyewe nimelipa viingilio hivyo. DJ unamsikia. Sauti yake iko juu ya muvi, hakuna mtoto aliyewahi kutoka kibandani akidhani stelingi wa Hong Kong anaongea Kiswahili cha Manzese. Ya Moroder vilevile, inajitangaza. AI haijitangazi, kazi yake ikiwa nzuri ndo huioni kabisa.

@Mchangiaji 2 hoja yako nzito na sina jibu la kuimaliza. Ila angalia walivyoshona, mshono unaonekana. Picha ikibadilika ukubwa unajua hapa nimeingia Buenos Aires. Ile fremu iliyopungua ni risiti.

Mchangiaji 4

Mimi naona mnabishana kitu imeshaisha. Tangu 1 Januari 2023 Metropolis ya 1927 iko huru kule Marekani, mtu yeyote akona laptop anaifanya vile anataka. Wala hawatakuja kuuliza taasisi. So hata mkikubaliana hapa, kesho iko TikTok na rangi ya pinki.

Mleta mada

Boss ndo maana nimesema taasisi, sikusema watu. Mtu afanye pinki, afanye zambarau. Lakini pawe na mahali pamoja ambapo mwanafunzi wa 2090 akienda atapata kilichobaki kweli, na asilazimike kukisia ni sekunde ipi ilipigwa na kamera na ipi imetungwa.

Mchangiaji 5

Jamani nimesoma wote, mnasahau kwamba bado haijakamilika. Vipande viwili havikufaa hata kwenye kopi ya Argentina, mahubiri ya mtawa na ugomvi wa Fredersen na Rotwang, toleo la 2010 limeweka maandishi tu ya kueleza kilichotokea. Mimi ningeruhusu AI ichore huo ugomvi, na juu ya kioo iandikwe kubwa muda wote IMECHORWA NA KOMPYUTA. Kuna ubaya gani hapo mleta mada?

Mleta mada

Dada yangu ubaya ni kwamba hayo maandishi ndo kitu cha kwanza kitakachokatwa. Mtu ata-crop juu, ataweka muziki, ataipost, baada ya miaka mitano kwenye kila makala ya video ugomvi wa Rotwang ni huo wako. Kadi nyeusi yenye maneno mawili haina mtu wa kuiiba.

Mchangiaji 1

Hapo kwenye maandishi kukatwa umembana dada, nakupa. Lakini kwenye mistari bado sijakuelewa, mstari sio hadithi, mstari ni uchafu. Nitajie sekunde moja kwenye zile dakika 25 ambayo mtazamaji angekosa kitu mstari ukitoka. Nasubiri.