Kwa nini ujumbe sahihi wa afya hukataliwa?

Mkufunzi, Bukoba
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Kagera, ambako Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Vipeperushi vyetu vinaeleza vizuri namna ugonjwa unavyoambukiza, lakini ninahofia kwamba kaya za wavuvi wa visiwani zitavipokea kwa adabu na kisha zimfiche mgonjwa ndani. Tufanye nini kabla ya mlipuko mwingine?

Mkaazi wa Butembo
Mkufunzi, sisi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), tulijifunza jambo hilo kwa uchungu. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 iliendelea hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200, ingawa chanjo ilianza kutolewa siku chache tu baada ya tangazo. Habari hazikukosekana. Watu walikuwa wameuawa na makundi yenye silaha miaka nenda miaka rudi bila kuona msaada, kisha magari mengi yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Na Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais aliapishwa Januari bila kura zetu. Kesho yake baada ya tangazo la kuahirisha, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola. Kwa hiyo ulizeni kwanza watu wana malalamiko gani juu yenu.

Muuguzi, Goma
Ninakubaliana na ndugu yangu. Huko Beni baadhi ya wagonjwa walilazwa katika vyumba vya plastiki angavu ili jamaa wawaone na kuzungumza nao, na hilo lilipunguza hofu kuliko tangazo lolote la redio. Waliopona waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na mama aliyepona, akisimulia kwa Kinande, lugha ya wenyeji, alijibu maswali ambayo daktari mgeni hakuulizwa kabisa.

Mkufunzi, Bukoba
Asanteni sana. Malalamiko hayo tuanze kuyakusanya kwa nani?

Afisa afya, Muleba
Nendeni mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, asubuhi, wavuvi wa dagaa wanaporudi. Kaeni na viongozi wa mwalo, akina mama wanaoanika dagaa, na waganga wa jadi pia, kwa kuwa wagonjwa wengi hupita kwao kabla ya zahanati. Wakisema hakuna boti ya kumvusha mgonjwa usiku, tafuteni boti kwanza, vipeperushi vifuate.